Daftari la Maoni la Wodi ya Kifua

Watu wanane walisoma kitabu kimoja, na kila mmoja akakutana na mwisho wake.

Sisemi kila mtu alielewa kivyake. Nasema mwisho wenyewe. Mmoja aliona harusi. Mwingine akaona binti amekataa kuolewa. Wa tatu akaona farasi amerudi peke yake.

Na maoni ya wote wanane yalikuwa kwa mwandiko mmoja.

Nilipogundua hilo nilijiona nina akili kuliko wodi nzima. Nikasimama, nikapaza sauti.

Leo kuna mtu yuko chini ya udongo, na mimi naandika hii kwa kidole kimoja. Mkiona nimekosea herufi, nivumilieni.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kazi yangu ilikuwa kuandika mabango ya maduka kwa brashi. Ila ungeniuliza mimi ni nani, ningekujibu: mshairi.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza vina na mizani mwenyewe, juu ya ngazi, brashi mkono wa kulia, mkono wa kushoto nikihesabu silabi kwa vidole. Kidole gumba kikigusa wenzake, moja, mbili, tatu, hadi nane. Kwa hiyo nilikuwa na kiburi cha mtu asiyedaiwa shukrani na mwalimu yeyote.

Kikohozi kilinianza juu ya ngazi hiyo hiyo.

Kifua kikuu sugu. Daktari wa wodi, mama mfupi asiyezungusha maneno, aliniambia:

"Miezi sita humu ndani. Vidonge kumi na vinne kila asubuhi. Ukiruka, unaanza upya. Ukiruka sana, hakuna pa kuanzia."

Nikacheka. Siku zile nilikuwa nacheka kila kitu.

Nikapewa kitanda cha kumi.

Kitanda cha tisa alikuwepo baba mmoja wa miaka hamsini na kitu, mifupa mitupu, macho ya utani. Alikuwa anatengeneza makufuli na kuchonga funguo. Wodi nzima ilimwita Fundi.

"Karibu, mwanangu," akaniambia. "Kitanda hicho kinapiga kelele ukigeuka. Nimekiomba mafuta kwa nesi, nimepewa dawa ya kukohoa."

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekuja na kitu cha kusoma?"

"Mimi ndiye kitu cha kusoma."

Alicheka hadi akashika ubavu. Kuanzia siku ile aliniita Malenga, na sikujua kama ananisifu au ananizodoa.

Asubuhi iliyofuata, baada ya vidonge, akaingia mhudumu wa usafi. Mama mnene, barakoa usoni, ndoo mkononi. Tulimwita Shangazi. Alipomaliza kupiga deki akafungua kabati la chuma, akatoa vijitabu vyembamba, akaanza kugawa kama anagawa chai.

Kwangu akaweka kimoja. Kurasa kama ishirini, zimeshonwa kwa uzi mweusi.

"Sura ya kwanza," akasema. "Ya pili utaipata baada ya wiki mbili, kama hujaruka kidonge hata kimoja. Ukiruka, huipati."

"Na kitabu kizima kiko wapi?"

"Ndicho hicho. Kiko vipande."

Fundi akanieleza. Kilikuwa kitabu kizima zamani. Wagonjwa wawili wakakigombania, kikapasuka mgongo. Shangazi akaomba uzi wa kushonea vidonda, akakishona sura moja moja. Sura kumi na mbili. Kila wiki mbili, sura. Hesabu mwenyewe: ni miezi sita. Anayemaliza kitabu amemaliza dawa.

Ujanja mtupu. Wanaume wazima walikuwa wanameza vidonge vinavyotapisha ili wajue binti wa ngome atamkubali nani.

Maana kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya mapenzi ya Zama za Kati. Ngome, deraya za chuma, mikuki. Askari mmoja wa farasi anampenda binti wa bwana wa ngome. Askari anamwogopa farasi wake. Sura ya tatu kofia yake ya chuma inakwama kichwani siku ya karamu, inabidi anyweshwe supu kwa mrija.

Wodi nzima ilicheka.

Mimi nilikasirika, na nitasema ukweli kwa nini. Yule askari alikuwa mshairi. Kila jioni alisimama chini ya dirisha la binti akighani mashairi mabovu, kwa sauti kubwa, na kitabu kizima kilimcheka.

Nilihisi kama mwandishi ananitazama mimi.

"Ile kofia," Fundi akaniambia siku moja, "haikuhitaji watu sita kuivuta. Bawaba ilikuwa imeshika kutu. Tone moja la mafuta, basi."

"Fundi, hii ni hadithi."

"Hadithi ndiyo. Lakini chuma ni chuma."

Dirishani palining'inia daftari kwa kamba. Daftari la maoni. Kila aliyemaliza kitabu aliacha neno humo, na walioacha walikuwa wanane.

Dereva wa lori: *Nimecheka mpaka nesi akadhani nimezidiwa. Farasi kula shada la bibi harusi ndiko kulikonimaliza. Kesho natoka.*

Mwalimu: *Mwandishi hana adabu na historia, ila ana huruma. Binti amefanya vizuri kumkataa askari na kubaki na ngome yake. Kesho natoka.*

Mpishi wa hoteli, kitanda cha tisa: *Supu ile ina chumvi nyingi, mpishi wake angefukuzwa. Askari alipoacha upanga akafungua duka la mikate nililia kama mtoto. Kesho natoka.*

Yote yaliishia hapo. Kesho natoka.

Fundi alilisoma daftari lile kila siku. Lakini alikuwa na namna yake. Alisoma mstari wa kwanza na mstari wa mwisho tu. Katikati alifunika kwa kiganja, asijue mwisho wa kitabu kabla hajafika.

"Huyu mpishi," akaniambia, akipigapiga godoro, "alilala hapa. Hapa hapa. Akatoka na miguu yake."

Ndiyo maana alimeza. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kulazwa. Mara mbili alikimbia dawa, mara mbili akarudishwa kwa machela. Mke wake alikuja Jumapili, akasimama nje ya dirisha kwa sababu hakuruhusiwa ndani, na kila alipokuja aliuliza swali moja:

"Uko sura ya ngapi, baba?"

"Ya saba."

"Ya nane, mama."

"Ya tisa. Andaa chumba."

Mimi nilipokuwa sura ya tano, yeye alikuwa ya kumi. Akaniuliza:

"Umefika pale mlinzi anapolipiga kufuli la mnara kwa nyundo, ufunguo ulipokwama?"

"Nimefika."

"Umeona nini?"

"Upuuzi."

Akatabasamu. "Haya. Endelea kusoma."

Sasa, mimi sikufunika kitu kwa kiganja. Mimi ni mtu wa kusoma mstari mzima.

Mchana mmoja nikalishusha daftari, nikalisoma lote kwa jicho la mtu anayeishi kwa herufi. Mimi ni mwandika mabango, jamani. Mwandiko naujua. Ile *k* yenye mguu mrefu, ile *y* inayojikunja kama ndoano. Ukurasa wa kwanza, ukurasa wa mwisho. Mkono mmoja.

Na miisho minane tofauti.

Nikafunga hesabu kichwani. Hawa wasomaji hawakuwahi kuwepo. Kuna mtu alikaa akawatunga, ili sisi tumeze.

Damu ikanichemka. Mimi, mtu wa vina na mizani, nidanganywe na mtu mwenye ndoo?

Nilitunga, usiniulize kwa muda gani. Kesho yake, baada ya vidonge, Shangazi akiwa katikati ya wodi anapiga deki, nikasimama juu ya kitanda. Kikapiga kelele. Nikaghani:

*Wasomaji ni wanane, mwandiko wao mmoja,*
*Miisho nayo minane, wala haina umoja,*
*Aje hapa nimuone, nitangoja na kungoja,*
*Mnamezeshwa vidonge kwa hadithi ya kutunga!*

 Halafu mtu akapiga makofi. Halafu wengi.

"Malenga! Rudia!"

Nikarudia. Nikalifungua daftari, nikawaonyesha *k* na *y* ukurasa kwa ukurasa. Nikamgeukia Shangazi.

"Huu mwandiko wa nani?"

Akaegemeza fimbo ya deki ukutani.

"Ni wangu," akasema. "Niliandika mimi, lakini..."

"Mmesikia!" nikapiga kelele. "Amekiri! Mmesikia kwa masikio yenu!"

"Lakini wao ndio..."

Wodi ilikuwa imeshalipuka. Vicheko, miluzi, kikohozi. Alinitazama kidogo, kisha akachukua ndoo yake akatoka. Maji yalibaki sakafuni.

Nikashuka kitandani nimejaa sifa. Nikamgeukia Fundi nipate zake.

Alikuwa ameshika sura ya kumi, haisomi.

"Kwa hiyo mpishi hakuwepo?" akauliza.

"Hakuwepo, mzee wangu."

"Na hiki kitanda hakikuwa na mtu?"

Hapa ndipo ningepaswa kunyamaza. Mtu yeyote mwenye moyo angenyamaza.

"Kilikuwa na mtu," nikasema. "Ila sidhani kama alitoka na miguu yake."

Fundi akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa kufuli lake halitengenezeki.

"Sawa, Malenga," akasema. "Sawa."

Wodi haikuacha dawa. Watu walicheka siku mbili, wakachoka, wakaendelea kupokea sura zao. Hadithi ilikuwa tamu tu, hata kama daftari ni la uongo.

Fundi ndiye aliyenyamaza.

Shangazi alimletea sura ya kumi na moja siku yake ilipofika. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka chini ya godoro.

"Husomi?" nikamuuliza.

"Nitasoma."

Jumapili mke wake akauliza dirishani, "Sura ya ngapi, baba?"

"Nenda tu, mama. Jua kali."

Wiki ya nne baada ya shairi langu, saa tatu asubuhi, Fundi alikohoa mara moja na shuka likawa jekundu.

Walipomwinua kubadilisha godoro, sura ya kumi na moja ikaanguka. Haikuanguka peke yake. Alikuwa ameifunga kama bahasha, na ndani yake vilikuwa vidonge. Vyeupe, vya njano, vya kahawia. Kila asubuhi alificha viwili vitatu shavuni mbele ya nesi, akavitema nesi akigeuka. Siku ishirini na saba.

Vilisambaa chini ya kitanda changu. Kimoja kikazunguka, kikazunguka, kikalala karibu na kandambili yangu.

Daktari aliviangalia. Wakavuta pazia.

Siku tatu mfululizo Shangazi aliingia ndani ya pazia lile asubuhi akimaliza kazi, akakaa muda mrefu. Nilisikia ananong'ona, na kurasa za sura ya kumi na moja zikigeuzwa; akitoka, alitoka nayo. Sauti ya Fundi ilikuwa nyembamba, sikuweza kushika neno. Mara moja nilimsikia akicheka.

Nilitaka kuingia. Kiburi kikanishika shati.

Siku ya nne asubuhi, pazia lilifunguliwa na kitanda kilikuwa kitupu.

Nilimfuata daktari kwenye korido.

"Ni kwa sababu aliruka dawa?"

Akanitazama.

"Mapafu yake yalikuwa yameharibika siku nyingi. Huenda angekufa hata kama angemeza vyote."

Akapiga hatua mbili, akageuka.

"Huenda," akarudia.

Jumapili mke wake alikuja kuchukua vitu vyake. Alipewa karatasi ya orodha tu, kwa sababu vitu vya marehemu wa wodi ile huchomwa. Alisimama pale pale nje ya dirisha. Akanikuta mimi nimekaa.

"Wewe ndiye Malenga?"

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa anakusifu sana," akasema. "Alisema una kichwa chepesi."

Nikageuka nikatazama kitanda cha tisa. 

Mwezi uliofuata nilikuwa natunga ubeti wa msiba. Nikaanza kuhesabu mizani kama siku zote, kidole gumba kikigusa wenzake.

Sikuhisi kitu.

Nikagusa tena. Naona vidole vinagusana, ila ni kama vya mtu mwingine. Nikashika kalamu, ikaanguka. Nikashika kifungo cha shati, nikashindwa kukifunga.

"Ni dawa," daktari akasema. "Wengi humu huwatokea wakikaribia kumaliza. Hisia inaweza kurudi. Inaweza isirudi."

Nilikuwa na barua ya kumwandikia mama yangu. Nilikaa na karatasi asubuhi nzima, nikatoa michirizi ya kuku.

Shangazi akafika na ndoo. Hatukuwa tumesemeshana tangu siku ya shairi. Akaitazama karatasi, akavua glovu, akanyoosha mkono.

"Sema. Nitaandika."

Nikasema, akaandika. Nikaangalia mkono wake unavyokwenda. *K* yenye mguu mrefu. *Y* inayojikunja kama ndoano.



"Shangazi," nikasema. "Ulimwandikia nani mwingine?"

"Wote."

"Wote wanane?"

"Mpaka mtu anamaliza kitabu, vidole vyake vimeshakufa. Dereva hakuweza kushika hata kijiko. Wao walisema, mimi nikaandika." Akakunja barua. "Mpishi hunitumia salamu kila mwezi. Amepata mtoto wa kike."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Nilianza." Aliniangalia bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Watu wanakuita malenga, lakini humsubiri mtu afike mwisho wa mstari."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Na miisho? Kwa nini miisho iko minane?"

"Ukifika utajua."

Nilifika.

Asubuhi ya siku yangu ya mwisho alinijia na karatasi nne tupu, zimeshonwa kwa uzi mweusi.

"Hakuna sura ya kumi na mbili," akasema. "Mgonjwa wa kwanza kuifikia alifariki nayo chini ya mto. Wakachoma vitu vyake vyote, na yenyewe ndani. Wa pili alikuwa dereva wa lori. Alipofika nilimwambia ukweli. Akakasirika, kisha akasema, basi andika, mimi nitakwambia inavyoisha. Tangu hapo kila anayefika anamaliza mwenyewe, halafu anatoa maoni. Na hatumwambii ambaye hajafika."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi nyingine iliyokunjwa.

"Ila wewe una ya ziada. Fundi alisema nikupe ukifika, si kabla."

Sura ya kumi na moja, niwakumbushe, inaishia hivi: askari amefungiwa juu ya mnara, asubuhi atanyongwa. Binti amepanda ngazi mia moja, amesimama mbele ya mlango na funguo tatu, na muda wa kujaribu mmoja tu.

Nikaifungua ile karatasi. Mwandiko wa Shangazi. Sauti ya Fundi.

*Binti hakutumia ufunguo wowote. Alisukuma mlango, ukafunguka. Lile kufuli lilikufa sura ya tano, mlinzi alipolipiga nyundo. Ukipiga kufuli la namna ile linavunjika ulimi ndani, kwa nje linaonekana zima. Nililijua siku ile ile. Sikumwambia Malenga kwa sababu alikuwa bado anasoma, nisimharibie.*

Chini yake, mstari mmoja:

*Maoni: Kitabu kizuri. Nilikuwa nakaribia.*

Hakuna "kesho natoka."

Nilikaa na karatasi ile hadi chai ikapoa. Yeye alijua siri ya kufuli lile miezi mizima, akailalia, ili mimi nisikose utamu. Mimi nilidhani najua siri ya daftari, na sikuweza kukaa nayo hata siku moja.

"Na wa kwako?" Shangazi akauliza. Kalamu ilikuwa tayari.

Nikafikiri. Beti zilikuja, nzuri, zenye vina. Nikaziacha zipite.

"Andika hivi," nikasema. "Mlango ulikuwa wazi tangu jioni. Binti alipousukuma alimkuta askari amesimama dirishani, ameupa mlango mgongo, anaghani mashairi yake kwa sauti kubwa. Angenyamaza kidogo tu, angesikia upepo unauchezesha."

Akaandika. Akasubiri.

"Maoni?"

"Nilikicheka kitabu hiki kabla sijakimaliza. Kesho natoka. Fundi hatoki."

Hisia ya vidole haijarudi. Mabango siandiki tena. Mashairi natunga, ila mizani nahesabu kwa kichwa, na siku hizi nikimaliza ubeti nakaa nao wiki nzima kabla sijamwonyesha mtu.

Somo langu ni dogo. Ukimkuta mtu ameshikilia kitu unachokiona ni cha uongo, kabla hujakipasua mbele ya watu, muulize kwanza kinamshikilia wapi. Na akianza kukujibu, mwache amalize.

Kuna waliokwisha kuona kasoro ya hoja yangu ya mwandiko mmoja tangu aya za mwanzo, wakanyamaza ili wengine wasome. Hao nawaheshimu. Fundi alikuwa mmoja wenu.